Siku Niliyocheza Drafti na Baridi

Usiku wa jana niliota, miguu ikiwa ndani ya soksi mbili mbili, kwamba Baridi amekaa jikoni kwetu kwenye kigoda cha mama. Amevaa masweta matatu na bado anatetemeka. Amenyoosha mikono juu ya jiko la mkaa, na kila akiinyoosha, kaa moja linazimika.

Nikamwamkia, maana ni mkubwa. "Shikamoo."

"Marahaba, Estina. Funga mlango, baridi inaingia."

Nikafunga.

Hapa kwetu Makete baridi huja mwezi wa tano na huisha mwezi wa nane, mipichi inapochanua. Mama alipokwenda Mbozi kuchuma kahawa aliniambia, "Baridi ikiondoka tu, mwanangu, utaniona." Hiki ni kipupwe cha tatu. Mipichi imechanua mara mbili na mama hajaja. Sasa nikaelewa kwa nini. Huyu hakuwahi kuondoka. Alikuwa amekaa tu hapa jikoni.

"Unaondoka lini?" nikamuuliza. Nikiwa macho siwezi kumuuliza mgeni swali kama hilo. Mgeni akija, mimi huenda kuchota maji hata kama ndoo zimejaa.

"Mizigo nilishafunga tangu mwaka juzi," akasema Baridi. "Ila bibi yako alinikaribisha drafti. Mgeni haondoki mchezo haujaisha."

"Na zamu ni ya bibi," likadakia birika. "Anafikiria."

Nikageuka. Bibi ameketi upande wa pili wa ubao, kisoda kimoja kati ya vidole, anakoroma.

Nikamsogeza taratibu, nikakaa mahali pake. Vya Baridi ni visoda vilivyolala kifudifudi, vyetu vinatazama juu. Vyake vinne, vyetu vitatu. Kimoja chake kiko wazi, nikakiruka, nikakiweka pembeni.

"Kula," akasema Baridi.

"Nimekula."

"Hujala. Kiko pale pembeni."

Nikakitia mdomoni nikatafuna. Kilikuwa na ladha ya kiazi kilichoungua kwa barafu shambani.

Naye akaruka chetu, akatafuna polepole, akafumba macho. "Kitamu. Ni cha nini hiki?"

"Ni ile siku mama yake alipomfundisha kufuma," likasema birika.

Nikaangalia mikono yangu. Inajua kufuma. Nani aliifundisha, sikumbuki.

"Mngeniambia mapema," nikasema.

"Ungecheza?" likauliza birika.

Tuko darasa la tano sasa, kwenye dawati langu, lile nililoliacha mwezi wa sita. Mwalimu hayupo. Madawati mengine yamejaa viazi waliovaa sare, na wote wanachungulia ubao wetu.

"Dada, toa hicho cha mbele," kiazi kimoja kikaninong'oneza. "Akila tu, anakuachia njia ya kula vitatu."

"Usimfundishe," akasema Baridi.

"Hatumfundishi, mzee. Tunaongea wenyewe. Wewe cheza, masweta yanakuzidi."

Nikaona kweli. Nimebaki na viwili. Cha nyuma kina uso wa mama. Niliuona kidogo, jinsi anavyocheka kwa upande mmoja. Cha mbele nikakiweka sikioni. Ndani yake mama anaongea. Hasemi jambo kubwa. Anasema, "Hebu niletee ungo, Estina," na baada ya hapo anakohoa.

Nikasikiliza mara tatu. Viazi wakaanza kupiga miluzi.

"Nikikusogezea hiki," nikamuuliza Baridi, "atarudi?"

"Mimi nitaondoka. Hayo mengine ni ya kwenu."

Nikasikiliza mara ya nne, nikakisogeza.

Baridi akakitazama. "Hiki sikitaki," akasema.

"Kula ni lazima," wakajibu viazi wote kwa pamoja, kama wanaitikia mwalimu.

Akakila. Alipomaliza akajifuta mdomo kwa mkono wa sweta, hakusema kama kilikuwa kitamu. Nami nikaruka vyake vyote vitatu, nikavitafuna kimoja kimoja, meno yakauma hadi masikioni.

Baridi akasimama. Akavua sweta la kwanza, la pili, la tatu, akayakunja na kuyaacha juu ya dawati. Ndani hakuwa na kitu, hewa tu. "Asanteni kwa moto," akasema, akapita kwenye ubao wa darasa na vumbi la chaki likapeperuka.

Nikaamka. Jua limeshafika katikati ya chumba, na nilikuwa nimelipiga blanketi teke hadi chini. Bibi alikuwa kibarazani anapukuchua maharage, bila kitenge mabegani, jambo ambalo sijaliona tangu mwezi wa tano.

Wakati nanawa uso, mtu akapiga hodi kwenye ua. Sauti ya mwanamke, imekauka kidogo kwa safari. "Hodi wenyewe. Jamani, hakuna watu?"

Mikono ya bibi ikasimama. Maharage yakawa yanamwagika kutoka mapajani mwake na hayaokoti.

"Estina," akasema. "Husikii?"

"Nasikia, bibi. Ni nani huyo?"

Bibi akanitazama kana kwamba nimemtukana. Yule mwanamke akaita tena, safari hii kwa jina langu, na bado sauti ilikuwa ngeni kabisa masikioni mwangu.

Sikungoja bibi anijibu. Nikakimbia uani, maji yakinichuruzika shingoni, nikamwone uso.