Alizeti za Croydon

Mayai yalikuwa yanaanguka kutoka juu na mimi nilikuwa na kikapu.

"Kushoto!" alisema Mama Vasanti. "Kushoto, mtoto, lile la dhahabu! Aa. Umeliacha."

"Nililiona, Mama. Nilidhani litaanguka palepale lilipoelekea."

"Humo ndani hakuna kitu kinachoanguka kinapoelekea."

Tableti ikatetemeka, jogoo akatokea akacheka, tukapewa tiketi nne. Nne tu, kwa mayai yote yale. Nilimtazama yule jogoo na mpaka leo sielewi kwa nini ndiye anayecheka, maana mayai si yake, ni ya kuku.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Kazi yangu ni kumtunza Mama Vasanti kila siku kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa saba mchana. Namwogesha, nampa dawa, namnywesha chai, namsuka nywele. Anakaa Kilburn, ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa. Mimi nakaa Woolwich, upande wa pili wa jiji, kwa hiyo natoka nyumbani mapema. Yeye alizaliwa Kigoma, baba yake alikuwa na duka la vitambaa huko. Siku ya kwanza alinisikia nikiongea na simu jikoni, akaita, "We! Hicho Kiswahili kilichopinda hivyo umekitoa wapi?" Nikamwambia Uvira. "Ng'ambo ya ziwa!" akasema, kama mtu anayetaja nyumba ya pili. Tangu hapo tunaongea Kiswahili, kila mtu na cha kwao.

Tableti alinunuliwa na mwanawe, Paresh, asichoke kukaa. Paresh aliniambia, "Mama ana shamba humu." Nilidhani ni picha za shamba lao la zamani. Kumbe ni mchezo. Unapanda, unamwagilia, unavuna. Mahindi yanakomaa kwa saa nne.

"Nani anayala?" nilimuuliza Paresh.

"Hakuna. Yanauzwa."

"Nani ananunua?"

"Mchezo wenyewe."

"Nao unakula?"

Paresh alinitazama, akatazama saa yake, akasema ana kikao.

Mimi nimesoma darasa sita tu, lakini kulima nakujua. Nimeshika jembe kabla sijashika kalamu. Kwa hiyo la shamba nilijitahidi kulielewa. Lililonishinda ni hema. Ndani ya shamba kuna soko, na sokoni kuna hema la mistari, na ndani ya hema kuna mashine za michezo. Moja ya kudaka mayai, moja ya kuwagonga fuko kwa nyundo wanapochungulia mashimoni, moja ya kurusha trekta juu ya madimbwi. Ukicheza unapata tiketi, na tiketi unabadilisha zawadi: kofia, taa, toroli. Sasa niliwaza, fuko si wako shambani? Mkulima gani anayeacha fuko wa shambani kwake aende akagonge wa hemani? Nilimuuliza Mama Vasanti, akasema, "Usiulize, cheza," maana yeye mikono yake inatetemeka. Kupanda anaweza, polepole. Kudaka yai hawezi.

Na alikuwa na haraka. Zawadi aliyoitaka ilikuwa tausi. Bei yake tiketi mia sita, na hema lingefungwa Jumapili saa sita mchana, lisifunguliwe tena. Tausi wanatolewa wawili: mmoja unabaki naye, wa pili lazima umpe jirani. Kwa wiki tatu, kwa mikono ile, Mama Vasanti alikuwa amekusanya mia mbili na kumi.

"Jirani yupi, Mama?"

Alielekeza kidole, kikayumba, nikaona. Upande wa kulia wa shamba letu kulikuwa na uzio mdogo, na ng'ambo ya uzio shamba safi sana la alizeti. Juu yake jina: Alka.

"Mdogo wangu," alisema. "Yuko Croydon."

Croydon mimi naijua kwa jengo moja tu, lile la makaratasi ya wageni, nilikokaa kwenye viti vya chuma mara nyingi kuliko kanisani. Sikujua kama kuna watu wanaishi huko tu, kwa amani, na alizeti.

"Anakuja kukusalimia?"

"Hatujaongea miaka minane."

Nilikuwa namchana nywele, nikaendelea kuchana. Nimejifunza kwamba mtu akichanwa nywele, ukinyamaza, husema.

"Mama yetu alipozeeka mimi ndiye niliyempeleka nyumba ya wazee," alisema. "Alianguka mara mbili bafuni, mimi peke yangu, Alka alikuwa India kwenye harusi. Nilidhani nafanya vizuri. Siku ya tisa Mama akafa. Alka aliposhuka kwenye ndege aliniambia maneno. Basi."

Watoto wao ndio waliounganisha mashamba, miaka miwili iliyopita, bila kuwauliza. Tangu hapo, siku nyingine Mama Vasanti anafungua tableti anakuta mahindi yake yamemwagiliwa. Siku nyingine yeye anamwagilia alizeti za Alka. Hakuna neno. Maji tu.

"Kwa nini usimpigie simu?"

"Na asipopokea?"

"Na tausi asipompokea?"

Alifikiri. "Mama yetu alitarizi tausi kwenye kila pazia la nyumba ile. Alka akimwona atajua ninasema nini. Akimkataa, basi amemkataa tausi. Sitakuwa nimesikia sauti yake ikinikataa."

Hilo nalo sikulielewa vizuri, lakini nilielewa kwamba kwake ile Jumapili saa sita si mchezo.

Jumatano sikuanza na kucheza. Siku moja wanakuruhusu kucheza mara tano, nikaona nisizile ovyo. Mashine ikiachwa bila kuguswa huwa inajichezea yenyewe, kama inakuita. Niliweka tableti mezani nikamenya viazi huku naitazama. Mayai yakaanguka, yakaanguka. Viazi vilipoisha nilikuwa nimeona jambo: kabla yai la dhahabu halijatoka, kuku wa tatu ananyanyua mguu. Kila mara. Halafu upepo unavuma, na yai linakwenda kinyume na upepo. Kwa nini linakwenda kinyume na upepo sijui, lakini linakwenda.

"Kuku wa tatu," nilimwambia Mama Vasanti.

"Amefanya nini?"

"Ananyanyua mguu."

"Wiki tatu nacheza sijamwona na mguu."

Siku ile tulipata tiketi themanini. Alhamisi tisini. Ijumaa themanini na tano. Alikuwa ananihesabia kwa sauti, kwa Kiswahili cha kwao, na akaanza kuniita "fundi". Jumamosi nikafikisha mia tano arobaini na moja, zikabaki hamsini na tisa. Nikampa dawa, akasinzia kitini, na mimi nikafanya kosa.

Alizeti za Alka zilikuwa zimeiva tangu Alhamisi. Nilikuwa naziangalia. Kila siku yeye huvuna asubuhi, kabla sijavua koti. Alhamisi hakuvuna. Ijumaa hakuvuna. Jumamosi vichwa vilikuwa vimeinama kabisa.

Kwetu, karanga za jirani zikipitisha siku ardhini huulizi. Jirani anaumwa, au amejifungua, au kuna jambo. Wanawake wanaingia shambani, wanang'oa, wanamwekea chini ya paa lake, wanaendelea na safari. Mama yangu alifanyiwa hivyo wiki niliyozaliwa. Hakuna aliyesema asante wala aliyeingoja.

Nikawaza, yule mama wa Croydon anaumwa. Nikagusa alizeti moja. Yakaja maneno ya Kiingereza na vitufe viwili, chekundu na kijani. Nikabonyeza kijani, maana kijani ni ndiyo. Alizeti zote kumi na mbili zikang'oka, zikaruka juu ya uzio, zikaingia kwenye ghala letu.

Letu! Nikatafuta ghala lake nizirudishe. Nikabonyeza nyumba yake, kisima chake, mbwa wake. Mbwa akabweka. Halafu ule uzio mdogo ukageuka ukuta wa mbao, na mlango wa mbao, na kufuli.

Nilikaa na tableti mapajani mpaka Mama Vasanti alipoamka. Nikamwonyesha, nikamwambia yote.

Alisoma yale maneno. "Imeandikwa, Vasanti ameiba alizeti kumi na mbili. Alka amefunga mlango."

"Kuiba?"

"Ndivyo wanavyoita."

"Lakini Mama, mimi nilidhani anaumwa."

"Alikuwa anaziacha makusudi. Ukiziacha siku tatu zinatoa mbegu nyeusi, ambazo hazinunuliki. Leo ilikuwa siku ya tatu." Nilingoja anigombeze. "Ulidhani unafanya vizuri," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Ndiyo," alisema, kama vile hakuwa anaongea na mimi, na chai yake hakuimaliza.

Jumapili nilifika nikidhani ataniambia niache tableti. Akaniambia nicheze.

"Nicheze kwa nini, Mama? Mlango umefungwa. Tausi atapita wapi?"

"Cheza."

Nikacheza. Kuku wa tatu alinyanyua mguu, nikamwona, nikachelewa. Mara tatu zikaisha nikiwa na mia tano themanini. Ndipo simu ya nyumba ikalia, ile ya waya, ambayo hawapigi ila watu wa kuuza madirisha. Nikaiweka sauti ya juu, maana yeye hawezi kuishika.

"Motiben," sauti ikasema. Hilo neno nalijua, ndivyo wanavyomwita dada mkubwa. "Hata alizeti?"

Mama Vasanti akainamia simu.

"Miaka minane nimenyamaza! Jana unaingia shambani kwangu mchana kweupe!"

"Wanaongea Kiswahili?" nilijiuliza. Baadaye niliambiwa kwamba utotoni walikuwa wanagombana kwa Kiswahili ili bibi yao aliyetoka India asifuate, na hawajawahi kugombana kwa lugha nyingine.

"Si mimi," alisema Mama Vasanti. "Ni mikono ya mtoto wa watu."

"Mtoto gani?"

"Noëlla, anayenitunza. Mimi sishiki hata kikombe, Alka."

Nikasikia kiti kikiburutwa huko Croydon.

"Hushiki kikombe tangu lini?"

"Mwaka juzi."

"Paresh hakuniambia!"

"Nilimkataza. Na mtoto hakuiba. Aliona hujavuna, akadhani unaumwa. Kwao jirani akiumwa wanamvunia."

"Mimi naumwa? Mimi napanda tramu nimesimama! We mtoto, upo hapo?"

"Nipo. Shikamoo, Mama Alka."

"Marahaba. Siku mbili na nusu nimengoja mbegu zile. Nani alikwambia ubonyeze?"

"Nilibonyeza kijani, Mama. Kijani ni ndiyo."

"Kijani ni ndiyo, anasema." Halafu ikaja sauti kwenye simu, na mimi ambaye nasikiliza wagonjwa kwa kazi sikuweza kujua kama anacheka au analia. Nilimtazama Mama Vasanti anieleze, naye uso wake ulikuwa vilevile, haueleweki.

Wakaendelea. Walitoka kwenye alizeti wakaenda kwenye pazia, kutoka pazia wakaenda kwa mtu fulani wa Ujiji aliyekuwa na baiskeli, wakarudi bafuni alikoanguka mama yao. "Mara mbili?" Alka aliuliza. "Ulisema mara moja." "Mara mbili. Hukungoja nimalize kusema." Maneno yote niliyajua, moja moja. Nilichoshindwa ni kujua wako wapi. Kila nilipodhani wanapatana, wanapandisha sauti, na kila nilipodhani simu itakatwa, mmoja anauliza habari ya goti la mwenzake.

Saa tano na dakika arobaini Mama Vasanti alinigusa kwa kiwiko, akaelekeza tableti kwa kidevu. Nikacheza huku nasikiliza. Kuku wa tatu akanyanyua mguu. Nikaenda kinyume na upepo. Mia sita na mbili.

Nikamchukua tausi. Kufuli lilikuwa palepale. Nikamwonyesha Mama Vasanti, nikamwashiria: mwambie afungue. Akatikisa kichwa. Simu iko wazi mbele yetu, mdogo wake ndani ya simu, na hataki kusema neno moja! Alka akasema, "Maziwa yangu yanamwagika," akakata.

Tukakaa. Saa tano na dakika hamsini. Nikataka kumuuliza kama yameisha vizuri au vibaya, nikaogopa kwamba hata yeye hajui.

Tableti ikalia kengele. Nikatazama shamba letu, hakuna hindi. Hata moja. Maneno yakatokea, jina la Alka mbele.

"Mama! Tumeibiwa!"

Mama Vasanti akavuta tableti kwa viganja vyote viwili, akasoma, akaanza kucheka, mabega, mikono, kiti chote kikicheka.

"Mahindi yote, Mama!"

"Ili aje kuiba, ilibidi afungue," alisema. "Mtume tausi. Upesi, fundi, kabla hajarudi kwake."

Kweli, mlango wa mbao ulikuwa wazi. Nikabonyeza kijani. Tausi akatembea taratibu kama bwana harusi, akapita mlangoni, akasimama katikati ya udongo mtupu ambapo alizeti zilikuwa. Hema likazima taa zake.

Jumatatu nilipofika, hata koti sijavua, Mama Vasanti aliniita nione. Tausi yuko kwa Alka, ameshafungiwa utepe shingoni, na ukimpokea tausi unaruhusiwa kumpa jina. Alka amempa. Jina limeandikwa kwa Kiswahili, linaelea juu ya kichwa chake: Mwizi.

Nikamtazama Mama Vasanti kama ameudhika. Alikuwa anatafuta miwani yake asome tena.

"Amepanda alizeti mpya, zitaiva kesho," alisema. "Ukifika tu, ingia kwake."

"Kuvuna au kuiba, Mama?"

"Fanya kama kwenu."

Nikasema sawa. Nikaenda jikoni kuchemsha chai, na njia nzima kutoka kiti mpaka jiko nilikuwa najiuliza amenituma lipi.