Baba Kwenye Rafu ya Chini

Mtunza nyaraka alikuwa anang'oa pini zenye kutu kwenye karatasi za baba yake, ulimi ameuuma kama kawaida yake, wimbo wa kwanza ulipomtoka mzee kichwani. Binti alikuwa ameshaugonga muhuri, akauandika namba kwa penseli laini, akaulaza kwenye boksi. Nyumbani, baba yake, mpiga gitaa wa harusi na baa, alikuwa ananyoa ndevu huku anaimba. Alipofika kwenye kiitikio akakuta hamna kitu. Akapiga simu.

"Umeutia boksini ule wa treni?"

"Ndiyo, baba."

"Ahaa. Basi ndiyo maana."

Hakuna aliyeshangaa. Jengo lile la nyaraka ndivyo lilivyo, kitu kikiingia hakitoki. Kwa kawaida vitu vya wanamuziki huletwa na wajane, na marehemu hana la kulalamikia. Kosa lilikuwa la binti. Alishaona madaftari ya mpiga tarumbeta wa jirani yakifungiwa karanga hata tanga halijaanuliwa, akaapa ya baba yake hayatafika huko. Kwa pupa hiyo akamhifadhi mtu ambaye bado yuko kazini.

Na mzee naye alikuwa radhi. Kila asubuhi alileta mfuko, kavaa kama anakwenda kuposa.

"Mcheza kwao hutuzwa, mama," alimwambia binti yake.

Picha za bendi zilipopigwa muhuri, akasahau nyuso za wenzake. Shati la jukwaani lilipokunjwa kwenye karatasi nyeupe, mabega yakamlegea. Kwenye rafu, maboksi yakaanza kuimba kwa sauti yake ya ujana. Mkuu wa idara akalalamika kwamba makelele yanasumbua wasomaji, ingawa wasomaji hawakuwapo. Maboksi yakashushwa rafu ya chini, yakafunikwa blanketi.

Siku moja mzee akaja mikono mitupu.

"Mama, Jumamosi nina harusi. Niazime wimbo mmoja tu. Hata ule mbovu."

"Hakitoki kitu, baba. Labda usome hapa mezani."

Aliona aibu kumwambia hivyo, na aibu yake haikumfaa mtu. Akamletea karatasi. Mzee akasoma, midomo ikacheza, sauti haikuja. Wenye harusi wakachukua bendi nyingine.

Toka hapo alikuja kila siku, akakaa meza ileile, mgeni pekee wa chumba kile. Adhuhuri moja blanketi liliteleza, wimbo ukapanda. Mzee akainua kichwa.

"Nani huyo?"

"Ni wewe, baba."

Akasikiliza, vidole vikitafuta nyuzi ukingoni mwa meza.

"Anajua kuimba," akasema. "Bado wanamwita kazini?"

Mkuu wa idara alikuwa amesimama mlangoni, kidole mdomoni, anataka kimya. Binti akachukua gundi ya karatasi, akapiga magoti mbele ya rafu, akaanza kuziba mfuniko wa boksi.