Viti Viwili vya Mojatu

Katika nchi ya Mojatu kila kiumbe kilipewa asili moja, na aliyedai asili mbili alihesabiwa mwongo mara mbili. Hata tiba ilitii sheria hiyo. Matabibu wa nyoyo walikuwa na viti viwili, cha Wenyeji na cha Wageni, kila kiti na kitabu chake cha dawa, wala kitabu hakikufunguliwa mpaka mgonjwa aketi. Hikima iliyoje! Watu walitibiwa kabla ya kuulizwa wanaumwa wapi.

Ndipo baba yake Baina, binti wa asili mbili, alipofariki. Mama, Bi Stahi, alikuwa wa Mojatu, ambako msiba huombolezwa kwa kimya na kwa kufagia uwanja. Baba, Mzee Bashasha, alitoka Pazasauti, ng'ambo ya mto, ambako marehemu huliliwa kwa ukelele na kusimuliwa vituko vyake. Baina alilia kwenye kiti cha Wenyeji, kitabu kikasema ana wazimu. Akanyamaza kwenye kiti cha Wageni, kitabu kikasema hana moyo. Msiba ukamkwama kifuani, na kwa siku arobaini hakupata lepe la usingizi.

Tabibu mkuu, Yakini bin Hasikii, akamfikisha mbele ya Kadhi Insafu: achague kiti kimoja hadharani, au afungiwe maisha katika Nyumba ya Kufuli.

Siku ya hukumu baraza lilifurika. Baina alisimama mbele ya viti. Mara tabibu mmoja, jina lake Dadisi, akapita katikati ya viti na kutandika mkeka.

"Kadhi mtukufu, naomba kumwuliza mgonjwa swali moja."

"Swali hilo halimo vitabuni!" alifoka Yakini.

"Ndiyo sababu naliuliza, mkuu wangu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake." Akamgeukia Baina. "Dada yangu, kwenu baba huagwaje?"

Moyo wa Baina uliruka kwa furaha. Hakuna aliyewahi kumwuliza!

"Kwa mama tunafagia. Kwa baba tunapiga kelele. Mimi nataka vyote!"

"Basi anza na upendacho."

Baina akaomba ufagio. Akafagia baraza zima kimya, tangu mlangoni hadi miguuni pa Kadhi, mama yake akimfuata hatua kwa hatua. Kisha akautupa ufagio, akaangua kilio kilichotikisa mapaa, na katikati ya kilio akasimulia jinsi Bashasha alivyomkimbiza mbuzi mwizi siku ya harusi yake, mbuzi akatangulia kufika kwa bibi arusi. Baraza likacheka, likalia! Kutoka kila pembe wakaitikia wenye asili mbili, na lo, kumbe walikuwa wengi!

"Hajachagua kiti!" Yakini alipiga meza.

Kadhi akainuka kuhukumu, akasita. Baina alikuwa amejinyoosha mkekani, kichwa pajani pa mama yake, amelala fofofo.

"Punguza sauti, Yakini," alisema Kadhi.

Na hukumu iliyoviondoa viti viwili vya Mojatu ikasomwa kwa kunong'ona, umati ukishangilia kwa kupunga mikono, asije akaamka.