Wimbo Usio na Fumbo

Watu walimwita Bwana Maana, na yeye jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana alikaa redioni akaeleza nyimbo zinazovuma: huyu akisema njaa hasemi tumbo, yule anayelilia mpenzi analilia kura yake. Ungemletea wimbo wa kumbembelezea mtoto, angekuonyesha bei ya unga imejificha humo ndani. "Hakuna wimbo unaosema unachosema," ndiyo ilikuwa kauli yake, na watu wazima wenye akili zao waliirudia sokoni kana kwamba wameibuni wenyewe. Kusema kweli kipaji alikuwa nacho, ila kichwa kilikuwa kimemvimba kidogo.

Wimbo uliomvimbisha kuliko nyingine zote ulikuwa wa mpwa wake, mtoto pekee wa dada yake mkubwa. Binti aliurekodi akiwa tayari mgonjwa, amekalishwa kwenye kiti chenye mto mbele ya kipaza sauti, na alifariki wimbo ukiwa ndiyo kwanza umeanza kupigwa. Baada ya hapo ukaenea kama moto wa nyikani. Kiitikio chake kila mtu alikijua:

*Mama nikija, usinifungulie,*
*hata nikilia, usinifungulie,*
*hata nikikuita lile jina letu:*
*aliye nje si mimi, mimi nimelala.*

Siku chache kabla hajafa, mjomba wake alikwenda kumtazama. Alimkuta amegeuzia uso dirishani, macho makavu, hana habari na machungwa aliyoletewa.

"Mjomba," alisema, "kuna mtu anajifunza sauti yangu."

"Anajifunzia wapi?"

"Hapo nje ya dirisha. Nikikohoa, naye anakohoa. Jana alijaribu kucheka akashindwa. Leo ameweza."

Mwingine angetoka nje kuangalia, au angalau angefunga dirisha. Bwana Maana alijipiga paja kwa furaha. "Sitiari ya nguvu hiyo! Kifo kinajifunza sauti ya msanii. Hiyo lazima niiseme redioni."

"Siyo sitiari, mjomba. Nikimwambia mama ananiziba mdomo, anasema najitabiria mabaya. Ndiyo maana nikauimba, labda kwenye wimbo atasikia. Sikuweka fumbo lolote mle. Nimesema nilichosema."

"Wewe imba, mwanangu. Maana niachie mimi," akamjibu, akamvutia shuka mpaka mabegani, akaondoka zake.

Na maana kweli alijiachia. Msiba ulipokwisha aliutengea wimbo ule kipindi kizima. Akaeleza kwamba "usinifungulie" ni kinaya, mdomo unakataa na moyo unaomba. Yule wa nje ambaye "si mimi" ni kijana aliyebadilishwa na dunia hadi kwao hawamtambui. Ujumbe kwa jamii, akasema kwa sauti yake ile ya kukohoa kidogo kabla ya jambo zito, ni kwamba wazazi wafungue milango. Wazazi walilia kwelikweli. Shule zilitundika vitambaa vyenye maneno "Fungueni Milango", na mtu mmoja mwenye kiwanda cha vitasa akajitokeza kudhamini kipindi.

Halafu simu zikaanza kuingia. Mzee mmoja alipiga akiwa na kwikwi. "Nimefungua, Bwana Maana. Mwanangu amerudi."

"Hongera sana, mzee wangu! Anaendeleaje?"

"Yupo. Hasemi sana. Anakaa tu anatusikiliza tunavyoongea."

"Mpe muda," Bwana Maana alisema, na tangazo la vitasa likaingia. Hakumuuliza mzee yule mtoto wake alikuwa ametokea wapi. Simu za namna hiyo zilipozidi, alizihesabu kuwa ushindi wake.

Basi siku moja ya kazi, mchana, dada yake akampigia. "Njoo nyumbani sasa hivi," alisema, na simu ikakatika.

Dada huyu ndiye aliyemlea. Alikuwa fundi wa mapazia, mwanamke wa maneno machache na mkasi mkali, na mbele yake Bwana Maana aligeuka tena kijana wa kutumwa sabuni. Alimkuta jikoni, si katika chumba cha cherehani. Cherehani yenyewe ilikuwa imefunikwa, na kitambaa cha mteja kimekunjwa juu yake hakijaguswa. Mlango wa jikoni unaotokea uani ulikuwa umefungwa kwa komeo, juani kule nje mapazia yaliyofuliwa yakining'inia kwenye kamba.

"Kaa," alisema. "Nataka unisomee wimbo wa mwanangu."

"Dada, nimeshaueleza redioni mpaka..."

"Redioni uliwaeleza watu. Nieleze mimi." Alikaa mbele yake, mikono mapajani. "Kinyozi hapo nyuma anaupiga. Kila ukiisha, mtu anabisha mlango huu. Mwanzoni nilidhani ni watoto wa jirani. Kisha akaniita. Akaniita lile jina."

Jina hilo binti alimwita mama yake kabla ulimi wake haujanyooka, na nje ya nyumba ile hapakuwa na aliyelijua. Bwana Maana akajilazimisha kucheka. "Huzuni, dada yangu. Masikio nayo huomboleza. Nitazungumza na kinyozi apunguze."

"Nimeshazungumza naye. Anasema, 'Mama, wateja wakiukosa wananikimbia na ndevu nusu.'" Hakutabasamu. "Mimi sitaki apunguze. Nataka unijibu. Mwanangu anasema nisifungue. Wewe umesema maana yake nifungue. Mimi sikusoma, nilikusomesha wewe. Sasa niambie, mdogo wangu, nifungue au nisifungue?"

Kabla hajajibu, ng'ambo ya ukuta spika ya kinyozi ikakoroma, ngoma ikaingia, na sauti ya marehemu ikapanda juu ya uzio, safi, changa, yenye mikwaruzo midogo ya ugonjwa. Waliusikiliza wote, beti na viitikio. Bwana Maana alijaribu kuusikiliza kama kazi, akashindwa. Alimkumbuka mtoto yule akivuta pumzi kwa taabu kabla ya kila mstari, kwa maana pumzi hizo zilisikika, fundi mitambo wa studio alikuwa amekataa kuzifuta.

Wimbo ukaisha. Kinyozi akacheka na mteja wake. Kisha mlango wa jikoni ukabishwa taratibu.

Chini ya mlango kulikuwa na upenyo ambao jua lilipita. Sasa mwanga ule ulikuwa umekatwa mahali pawili, upana wa nyayo mbili.

"Mama," sauti ilisema. Ikalitaja lile jina. "Mama ni mimi jua ni kali nimechoka kusimama nifungulie nimekuja nimerudi siendi tena popote nifungulie mama."

Ilikuwa sauti yake. Mtu yeyote angeapa. Lakini Bwana Maana alikuwa ameishi kwa kutegemea masikio yake miaka mingi, na masikio hayo yakamwambia jambo moja. Maneno yale yote yalitoka kwa mkupuo, na aliyeyasema hakuvuta pumzi hata mara moja, si mwanzo, si katikati, si mwisho. Aliogopa. Na nyuma ya hofu ikaja aibu, kwa sababu alikumbuka dirisha lile na machungwa yale.

"Usifungue," alinong'ona.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu alisema usifungue. Aliniambia mwenyewe, dada. Kitandani. Alisema kuna mtu anajifunza sauti yake. Alisema hakuna fumbo, alikuimbia wewe kwa sababu ukimsikia anaongea mambo hayo unamziba mdomo. Mimi nikaona ni maneno mazuri ya kwenda kusemea redioni." Alishika mkono wa dada yake. "Hakuna kinaya. Hakuna ujumbe kwa jamii. Wimbo unasema unachosema. Huyo siye."

Dada yake aliuchomoa mkono wake. "Na wale waliokupigia simu? Waliofungua?"

Bwana Maana aliona sebule za watu zikimpita machoni, katika kila moja kijana amekaa kitini, hali chakula, hasinzii, anasikiliza watu wa nyumba wanavyoongea. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, ila yeye alikuwa amewagawia hata asiowajua.

"Mama," sauti ikasema tena, na safari hii ikalia. Ilikuwa imejifunza kulia vizuri mno.

Dada yake akainuka.

"Dada! Hukunisikia?"

"Nimekusikia. Nimeelewa kila neno. Siku zote ulikuwa unaeleza mpaka watu wanachoka, leo umesema maneno machache na nimeelewa." Alikuwa anajifuta mikono kwenye kanga aliyojifunga, kama mtu anayejiandaa kumpokea mgeni. "Lakini wewe hujawahi kukaa ndani ya nyumba hii saa kumi jioni, peke yako, na cherehani."

Alijaribu kumzuia. Tumpe haki yake: aliruka, akamshika kiuno, mwanamume mzima mwenye jina mjini, akamvuta nyuma kama mtoto anayemzuia mama asiende kazini. Dada alimtoa kwa kiwiko kimoja. Mikono ile ilikuwa imebeba majora ya vitambaa maisha yote. Komeo likalia, mlango ukafunguka, na jua likajaa jikoni.

Aliyeingia alifuta miguu kwenye zulia la mlangoni. Alikuwa amevaa gauni la bluu. Juu ya kifundo cha mkono alama ya pasi ilikuwepo, ile aliyoungua akiwa mdogo, na shavu lilikuwa limejaa kama kabla ya ugonjwa. Kila kitu kilikuwa mahali pake.

"Shikamoo mjomba," alisema.

"Marahaba," kinywa cha Bwana Maana kikajibu chenyewe.

Mama yake alimkalisha, akampapasa nywele, mabega, vidole kimoja kimoja, huku machozi yakimtiririka bila sauti. Kisha akawasha jiko, akaweka maji, akakata mkate vipande vinene, akapaka siagi mpaka pembeni. Bwana Maana alikuwa ameegemea ukuta karibu na mlango. Alitaka kutoka na hakuweza kumwacha dada yake humo. Aliukodolea macho ubavu wa lile gauni, akingoja uinuke na kushuka kwa pumzi. Haukuinuka.

Chai ikamiminwa. Binti alikishika kikombe kwa mikono miwili akakitazama, asinywe. Alikuwa anatabasamu, macho yakienda kwa mama, yakija kwa mjomba, akimsikiliza kila mmoja hata alipokuwa kimya.

Ng'ambo ya ukuta, mteja mwingine alikuwa ameketi kwa kinyozi, na huyo naye aliomba wimbo uleule. Spika ikakoroma. Ngoma ikaingia. Sauti ya mgonjwa ikavuta pumzi yake ya kwanza, kwa taabu, ikaanza kumwita mama yake juu ya uzio.

Binti aliyekaa mezani aliinamisha kichwa upande, akasikiliza kwa makini mpaka mwisho wa ubeti.

"Anaimba vizuri," alisema. "Ni nani huyo?"

Bwana Maana alimgeukia dada yake. Mkono wa dada ulikuwa umesimama hewani na kijiko cha sukari, na usoni pake kila kitu kilipita, jua la siku ya mazishi, kitanda, dirisha, mpaka akadhani sasa atapiga ukelele. Nje, mwanawe alikuwa amefika kwenye kiitikio.

"Simjui, mwanangu," alisema. "Kunywa chai, inapoa."

Akatia sukari, akakoroga, akaenda kufunga dirisha la upande wa kinyozi.