Ukuta Hauachwi Katikati

Fundi rangi waliyemwita Brashi alikuwa na kanuni moja ya kazi ambayo hakuivunja kwa ajili ya mtu yeyote: ukuta ukishauanza, huuachi katikati. Ukiuacha, rangi inakauka pale ilipofika, na ukirudi kuendelea panabaki mshono ambao hata uupake mara ngapi, jua likipiga utaonekana. Mafundi wengine huacha ukuta nusu wakaenda kunywa chai. Yeye hapana. Ndiyo maana wenye nyumba za mtaa wa juu walimtafuta yeye, na ndiyo maana siku mto ulipofurika alikuwa sebuleni kwa mwalimu mkuu, rola mkononi, ukuta mrefu kuliko zote ukiwa nusu.

Dada yake akapiga simu. Huyu alikuwa fundi cherehani aliyeishi bondeni pamoja na mama yao, na watu walimwita Mama Pindo kwa sababu hakuna suruali iliyopita mbele yake bila yeye kuukagua upindo.

"Maji yamefika barazani," alisema. "Njoo na pikapu tutoe mashine. Na mama yuko hapa, goti lake unalijua."

"Nakuja, dada."

Alisema nakuja kwa moyo mweupe kabisa. Kisha akautazama ukuta, akajiambia, namalizia huu tu. Simu ikaita tena, akajibu kwamba yuko njiani, na njia yenyewe ilikuwa ile ya kutoka kona ya dirisha hadi kona ya mlango. Mara ya tatu akajibu hivyo hivyo. Alipomaliza, ukuta ulikuwa hauna doa wala mshono, naye akateremka na pikapu akakuta daraja la bondeni limefunikwa. Akasimama pale na watu wengine, wakitazama maji kama wanaotazama mpira. Dada yake na mama yake walishinda juu ya meza ya kukatia vitambaa mpaka boti ya uokoaji ilipowafikia jioni.

"Barabara ilikatika," aliwaambia baadaye. Haikuwa uongo, na ubaya wake ndio huo. Mama akamshika mkono akasema, "Mungu akuzidishie, mwanangu, najua ulihangaika." Brashi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Sasa, Mama Pindo alikuwa na bima ya mafuriko. Wakala alipokuja kuinadi, nusu ya bonde ilicheka, eti nani analipia maji ambayo hayajaja. Mama Pindo hakucheka, alilipia. Masharti hayakuwa magumu: maji yakipita kimo cha meza ndani ya nyumba, kampuni inalipa cherehani zote, yakiishia chini ya hapo, inalipa usafi tu. Ushahidi ni alama ya matope inayobaki ukutani. Wakala alilirudia hilo mpaka watoto wakalishika: msioshe kuta kabla mkaguzi hajafika. Lakini aliwaambia watu wa bondeni. Brashi alikuwa anakaa mlimani.

Maji yalipopungua, Mama Pindo alimhamishia mama kwa mama yao mdogo, maana kikohozi kilikuwa kimeshaanza. Simu yake ilikuwa imekufa maji na kila kilichokuwemo, hivyo alimpigia mdogo wake Brashi kwa simu ya mama mdogo.

"Ufunguo upo kwa jirani. Kafungue madirisha nyumba ipate hewa, basi. Usiguse kitu kingine. Usijisumbue."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na sioni wa kumlaumu kirahisi. Nani kati yetu ameambiwa "usijisumbue" akakaa kweli? Mgeni akisema usijisumbue na chai, chai si inachemshwa? Ukimletea ndugu yako mzigo wa sukari akasema ya nini kujisumbua, unaubeba kurudi nao? Brashi alisikia dada anayemwonea haya mdogo wake. Mtu mwenye hatia husikia kile kitakachompa kazi ya kufanya.

Akafungua mlango wa ile nyumba, na kitu cha kwanza alichokiona ni ile alama. Mstari wa kahawia ulizunguka chumba kizima, juu ya meza, juu ya cherehani. Aliusogelea, ukamfika kifuani. Mama yao ni mfupi. Alihesabu kichwani pale ambapo ungemfika mama kama angekuwa amesimama chini, akageuza uso. Mstari huo ndio aliouosha kwanza.

Alizoa matope. Alisugua kuta kwa dawa ya madoa, akapiga msasa, akapaka praima, maana doa la matope ukilifunika kwa rangi tupu litarudi kuchungulia. Kisha rangi nyeupe, mkono wa kwanza na wa pili, ndani na nje. Fremu za madirisha akazipaka rangi ya mafuta, ya buluu aipendayo dada. Cherehani akazifuta kutu na kuzitia mafuta, ingawa mota zilikuwa zimeshakufa. Hakuwahi kufanya kazi nzuri kiasi kile kwa mtu anayelipa. Kadiri alivyopaka ndivyo kifua kilivyokuwa chepesi, na alipofunga mlango alikuwa anapiga mluzi.

Siku mkaguzi wa bima alipokuja, Brashi alikuwa amesimama uani kama bwana harusi. Mama Pindo alishuka kwenye pikipiki ya mkaguzi, akaiona nyumba kwa nje, akasimama. Alipita mbele ya mdogo wake akaingia ndani, na mkaguzi akamfuata na kamera yake. Kijana mpole, viatu vimejaa tope la nyumba za watu.

"Maji yalifika wapi, mama?"

Mama Pindo akanyoosha mkono hewani, mbele ya ukuta mweupe. "Hapa."

Mkaguzi aliutazama ule mkono, akautazama ukuta. Brashi alikuwa mlangoni. Alielewa. Alichukua kikwangulio kwenye mfuko wa suruali, akaanza kukwangua pale kwenye mkono wa dada yake. Rangi ilitoka, praima ikatoka, chini yake plasta ikawa safi kama unga. Akakwangua pengine. Fundi wa ovyo angekuwa ameacha hata doa moja.

"Acha, fundi," mkaguzi alisema. "Mama, mimi nakuamini. Lakini naandika kinachoonekana. Sasa nisikilizeni. Alama ikifutwa na mtu bila idhini ya mwenye nyumba, tunapima kwa majirani, unalipwa, halafu kampuni inamfuata huyo mtu. Ikifutwa na mwenye nyumba, au kwa idhini yake, ni usafi tu. Nani aliyepaka?"

"Mimi," Brashi alisema. "Alinikataza. Aliniambia nisiguse kitu. Andika hivyo, wanifuate mimi."

Alisema haraka, na ukweli ni kwamba alisema kwa furaha. Hatimaye palikuwa na mlango wa kutokea.

"Nilimruhusu," Mama Pindo alisema.

"Dada, ulisema nisiguse."

"Bwana mkaguzi, huyu ni mdogo wangu, ananihurumia tu. Nilimpa ufunguo mimi. Nilimwambia apake. Andika usafi."

Mkaguzi aliwatazama wote wawili kwa zamu. Alimuuliza Mama Pindo kama ana hakika, akajibiwa ana hakika. Akaandika, akamwonyesha pa kutia sahihi, akaomba radhi kama ndiye aliyekosa. Wakaisikia pikipiki yake ikipanda mlima mpaka ikapotea.

Brashi alibaki na kikwangulio mkononi. Cherehani zote zile, riziki ya dada na dawa za mama, zimekwenda kwa neno moja.

"Kwa nini, dada? Ningelipa. Ningeuza hata pikapu."

"Najua ungelipa." Mama Pindo alikuwa anapitisha kiganja ukutani, polepole, kama anavyopitisha kwenye nguo aliyoletewa kutoka kwa fundi mwingine. "Kazi nzuri. Haina mshono."

Brashi akakirudisha kikwangulio mfukoni.

"Na ule wa mwalimu mkuu ulitoka vizuri hivi?"

Brashi akainama kuokota vipande vya rangi alivyokwangua.

"Nilikuwa juu ya meza, mama nimempakata," dada yake alisema, bila kupandisha sauti. "Kila uliposema upo njiani nilisikia rola. Nimeishi na wewe miaka yote uliyojifunza kazi, nisiijue sauti ya rola? Mama aliuliza, amefika wapi? Nikamwambia darajani. Nikamwambia hivyo mpaka simu ikaingia maji."

"Dada, nisamehe."

"Ungelipa kampuni, ukauza pikapu, watu wakakusifu, ukalala usingizi. Sitaki ulale bado." Aliketi kwenye meza ya kukatia, mahali pale pale, akafunga macho. Harufu ya rangi ilikuwa imejaa chumbani. "Kichwa kinaniuma. Fungua madirisha. Hicho ndicho nilichokuomba."

Brashi akaenda dirishani haraka, akashukuru kupewa kazi. Akasukuma. Rangi ya buluu ilikuwa imekauka na kugandisha fremu. Akaenda la pili, nalo hivyo hivyo. Nyuma yake dada alikohoa. Akatoa kikwangulio, akaanza kukwangua.