Jina Aliloliacha Khelef

Khelef hakuwa na shahada, hakuwa na gari, hakuwa na mke tangu mwaka juzi, wala hakuwa na nyumba. Aliishi mtaa wa Al Twar kwa dada yake, Saleha. Alistaafu akiwa karani wa ghala bandarini Jebel Ali, na hati yake nzuri ya mkono aliipata ujanani, shule ya usiku, baada ya kutwa nzima ya kubeba mizigo. Kubwa alilokosa lilikuwa ujasiri wa kumpinga dada yake.

Jumatatu, siku nne kabla ya ndoa ya Rawan, mjukuu wa Saleha, na Talal, ilifika barua pepe kutoka Virginia. Miezi mitatu nyuma Rawan alimtemesha Khelef mate kwenye kichupa, akayapeleka kupimwa ili wajue asili yao. Kipimo kilimpatia ndugu wa damu: Lois, Mmarekani mweusi aliyekuwa akitafuta ukoo wake kwa miaka kumi na tisa.

"Nimekwama kwa mwanamke mmoja," aliandika Lois. "Nahodha alimleta kutoka Zanzibar, akamwacha dada yake huko. Daftari la nahodha linamwita 'msichana', basi. Mama yangu ana miaka tisini na moja na siku zake zimebaki chache. Maandishi ya simu hawezi tena kuyasoma. Anataka karatasi aishike, yenye jina."

Khelef alilijua jina. Mwaka 1974 shajara ya ukoo ilikuwa imeliwa na mchwa, na wakwe watarajiwa wa Saleha walitaka kuiona. Baba akamwambia ainakili. Kando ya jina la babu yao paliandikwa: mama yake Zafarani, suria, mtumwa aliyemzalia bwana wake, mdogo wake Faida, alipewa nahodha wa Kimarekani.

"Hapo andika binti ami, mwungwana wa ukoo," baba aliamuru.

Khelef aliandika, na mstari ule ukapendeza kuliko yote. Shajara ya zamani ikachomwa.

Sasa alikaa meza ya kulia, kalamu mkononi. Saleha akaingia na tasbihi yake.

"Unamwandikia nani?"

"Lois. Mama yake anataka jina."

"Jina gani? Shajara unayo, mwandishi ni wewe."

"Ndiyo maana, Dada. Nilidanganya kwa mkono wangu."

"Ijumaa shajara ile itasomwa mbele ya wazee wa Talal! Ngoja wiki."

"Mama yake hana wiki."

"Tangu utoke shule yako ya usiku hukosi la kutufundisha!"

"Mtoto wa suria ni huru, ana jina la baba yake. Sheria haikumwonea haya Zafarani. Tuliomwonea haya ni sisi."

"Ukiipeleka barua hiyo, usirudi mlangoni kwangu."

Khelef alikandamiza kalamu, doa la wino likaenea. Rawan alikuwa amesimama mlangoni, hina ya majaribio mkononi.

"Babu, niandike na mimi jina langu hapo chini."

"Toka huku, we mtoto!" alifoka Saleha.

"Bibi, ndoa ni yangu. Talal nitamwambia mwenyewe leo. Akikataa, khalas, basi, bora akatae leo."

Saleha alivuta punje za tasbihi, moja, mbili, akaacha.

"Umeandika Faida mdogo?"

Khelef aliinua macho. Jina lile hakuwa amelitamka.

"Shajara ya zamani ilikosea," alisema Saleha, akitazama pembeni. "Faida alikuwa mkubwa. Alijitokeza yeye ili mdogo wake aachwe. Mama aliniambia usiku wa harusi yangu, akaniapisha."

"Miaka yote hii, Dada?"

"Andika! Unanitazama nini? Na uchukue karatasi nyingine, hiyo ina doa."

Khelef aliandika upya, polepole, jina la Faida kwa herufi kubwa. Chini wakatia saini watatu. Rawan akaingia chumbani kumpigia Talal, akafunga mlango.

Hawakumngoja atoke. Khelef alibandika bahasha, akaipitishia kidole mara mbili, na ndugu wawili wakachukua teksi hadi ofisi ya vifurushi. Pale dirishani ni Saleha aliyeisukuma ndani.