Mfiwa wa Shimo la Tatu

Mfupa wa mguu ulipochomoza katika shimo la tatu, vibarua waliweka majembe chini, wakaenda kukaa kivulini. Brigita alijua maana yake: kazi imelala. Mawingu ya Novemba yalishaanza kujikusanya juu ya Chita, na mvua ikinyesha bondeni, shimo lingegeuka bwawa na utafiti wake wa mambo ya kale wa chuo kikuu ungekwenda na maji.

"Kaka Silvano, huyu ni mtu wa kale, kabla hata watu hawajajua chuma," alimbembeleza msimamizi wa vibarua. "Hana ndugu."

"Marehemu asiye na ndugu sijamwona, dada. Hapa hakuna atakayemgusa bila mtani."

Mpogoro akishasema hivyo, hata trekta halimsogezi. Bahati nzuri mtani alikuwepo, tena akichochea maharage: Mzee Raimundi, mpishi wa kambi, Mngoni wa Songea, ambaye kwenye misiba ya Wapogoro ana ruhusa ya kumtania hata maiti. Alifuta mikono, akashuka shimoni, akajilaza kando ya mifupa kwa raha zake zote.

"Ndiyo maana nyie Wapogoro hamuendelei!" alifoka. "Huyu kalala enzi na enzi, shamba hajagusa! Na kwa meno haya, wali ulibaki kweli?"

Vibarua walicheka mpaka wakashikana mabega. Brigita naye akacheka, moyo ukamtua. Ulitua mapema mno.

"Sasa sitoki mpaka mfiwa anipe kuku wangu wa utani. Mfiwa nani?"

Kicheko kikakatika. Wote wakamtazama Brigita, aliyetaka marehemu aguswe, naye binti wa Lipangalala, Mpogoro kwa baba na kwa mama. Darasani alifundishwa kwamba mtu wa kale namna hii hana kabila, na anayemdai kuwa wake anajidanganya. Tena alishamwandalia sanduku la kwenda Dar es Salaam, na ndugu hapelekwi kuwekwa kabatini.

Akaitazama mifupa. Magoti yalikunjwa kwa uangalifu, kiganja kikawekwa chini ya shavu. Kuna mtu alimlaza hivyo, akilia.

"Mimi," alisema. "Mimi ndiye mfiwa. Tutampima, tutamchora, kisha tutamzika hapahapa."

Raimundi aliinuka, akavua kofia. "Pole sana, mwanangu." Kisha akapaza sauti: "Na kuku awe jogoo!"

Vibarua wakapanga mstari. Kila mmoja alimpa Brigita mkono wa pole, akaokota jembe lake, akashuka shimoni. Na Brigita, aliyekuwa akicheka, akajikuta analia kweli.